Nasikia

Kidato cha kwanza, Kurasini, Mwalimu Nyoni
alipiga mstari wa chaki katikati ya ubao.
Kushoto akaandika neno la Kiingereza la sikio,
kulia neno la ngozi na la moyo.
"Nyinyi mna mlango mmoja, mnausukuma tu, *nasikia, nasikia*.
Mwingereza ana miwili. Ukikosea mlango
unaonekana mwizi."
Tukacheka, tukanakili.
Mtihani nilipata tisini na moja,
nikadhani hilo limekwisha.

Leo Mbagala, darasa la Tatu B
limegeuzwa kliniki ya masikio kwa siku tatu.
Mimi mkalimani: elfu thelathini kwa siku, na soda.
Daktari ametoka mbali, mpole,
ana kikalamu chenye taa
na shati lililolowa mgongoni kabla ya saa nne.

Anaingia Bi Siwatu Chaurembo,
mkaanga mihogo wa Rangi Tatu,
umri wake wa kukadiria.
Masikio yalianza kuzima, anasema,
mwaka aliomzika Pazi, mwanawe wa mwisho.
Maswali namwandikia kwenye daftari, herufi kubwa;
anayafuata kwa kidole, taratibu,
kwa kisomo chake cha ngumbaru.

UNASIKIA NINI?

Anajibu kwa sauti ya kuita mtu ng'ambo ya barabara:
"Nasikia baridi ya hiyo feni.
Nasikia njaa, tangu alfajiri sijatia kitu.
Nasikia harufu ya vitunguu, kuna mtu anapika
nyuma ya ukuta huu, na anaviunguza.
Nasikia uchungu, hapa,"
na kidole hakikwenda sikioni.
"Nasikia na haya, maana najua napiga kelele."

Daktari kaacha kuandika.
"Kumbe anasikia?"

Nikaanza kugawa.
Baridi, kulia. Haya, kulia. Uchungu, kulia, polepole.
Harufu ikakataa, ina mlango wake wa uani
ambao Mwalimu Nyoni hakutuonyesha.
Njaa nayo ikanishinda kabisa: kwao mtu haisikii njaa,
anakuwa njaa yenyewe,
kama mtu anavyokuwa fundi, au mjane.
Upande wa kushoto wa ubao
haukupata hata kimoja.

Wakamvalisha vidude vya masikioni.
Ukisikia, inua mkono.
Mashine ikalia, mimi mwenyewe niliisikia kwa pembeni.
Mkono umetulia pajani.
Ikalia tena, juu zaidi. Umetulia.
Kisha mashine iko kimya, kimya kabisa,
na lori la mchanga likapita barabara ya Kilwa,
sakafu ikatikisika kidogo,
Bi Siwatu akainua mkono
kama mtoto anayejua jibu.

Daktari akanitazama. Nikatazama ubao wa Tatu B,
mtu alikuwa ameandika jedwali la saba
akaishia saba mara nane.

Fomu ina visanduku viwili. Akaweka alama, akasaini.
"Kaandika nini?" akauliza Bi Siwatu.
Sikutaka. Nikaandika:
KASEMA HUSIKII. MASIKIO YOTE MAWILI. KIFAA HAKITASAIDIA.

Kidole kikatembea neno kwa neno,
kikarudi mwanzo, kikatembea tena.
Nje mjukuu wake anaitwa na mwenzake, haitiki;
ana masikio mazima yule, na wala hasikii.
"Wakubwa niliwasikia wote mimi," akasema,
safari hii kwa sauti ndogo, sijui aliipimaje,
"na guu likavunjika vilevile."
Akafunga daftari, akanirudishia.

"Mwambie nimesikia."

Daktari alikuwa ananingoja, kalamu mkononi.
Upande upi, Mwalimu?
Nikamwambia: anasema asante.

Vitunguu vilikuwa vimeshaungua.